Mche wa Mwisho

Ukitaka kujua kama shamba la dripu lilipangwa na mtu anayeijua kazi yake, usisimame penye tangi wala penye valvu. Fuata laini iliyo mbali kuliko zote mpaka pale mpira unapokunjwa na kufungwa, kisha chuchumaa uutazame mche wa mwisho. Karibu na tangi kila mfumo wa matone unapendeza: presha ipo, tone linalifuata tone, na udongo umelowa duara safi kuzunguka shina. Ukweli wa shamba uko mwisho wa laini. Huko ndiko unakoonekana ufundi ninaotaka kuusifu, ufundi wa kupanga presha, urefu na kipenyo cha mabomba ili mche wa mwisho unywe sawa na mche wa kwanza. Wengi huupita bila kuuona, kwa kuwa ukifanywa vizuri hauachi alama yoyote zaidi ya shamba lenye kimo kimoja na kijani kimoja. Hoja yangu ni kwamba usawa huo haununuliwi dukani pamoja na mipira. Unatengenezwa kwa hesabu, na hesabu hiyo inamhusu mkulima mwenye ndoo moja kuliko inavyomhusu mwenye pampu kubwa.

Kugawana maji kwa haki ni jambo la kale kuliko bomba lolote. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga waliyaleta maji ya mito kwenye vihamba vyao kwa mifereji iitwayo mifongo, na kila aliyestahili maji alikuwa na zamu yake. Huko Oman, mfereji uitwao falaj huleta maji kutoka chini ya ardhi hadi kwenye mitende, na mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Huko fungu la mtu hupimwa kwa muda. Mchana walitazama kivuli cha mti uliosimikwa wima, usiku wakatazama nyota, na muda ukiisha maji yalielekezwa kwa jirani. Katika mipango yote hiyo usawa ulikaa kwa watu: wazee waliojua zamu za kila ukoo, wakili wa falaj na daftari lake, na majirani waliokesha wakilinda saa zao. Umwagiliaji wa matone umeiondoa zamu ndani ya shamba. Valvu ikifunguliwa, miche elfu hunywa kwa wakati mmoja na hakuna mzee anayesimama mferejini kuamua. Kazi ile ya kuamua haikutoweka, ilihamia kwenye bomba. Kipenyo, urefu na mteremko ndivyo vinavyoamua sasa, na vikichaguliwa kwa kubahatisha, hukumu itakuwa ya kubahatisha na itarudiwa kila asubuhi msimu mzima.

Ili kuona jinsi uamuzi huo unavyofanyika, ni lazima tuipasue emita, kile kidude cha plastiki kilichopachikwa ndani ya mpira mbele ya kila tundu. Emita ya kawaida hutoa lita 1.6 kwa saa. Hizo ni mililita 27 hivi kwa dakika, yaani kijiko cha chai kinajaa kwa sekunde 11. Tuseme maji yamo katika mpira wenye presha ya mita 10, kana kwamba tangi limeinuliwa mita 10 juu ya shamba. Ukitoboa tundu la kawaida na kutaka litoe kiasi hicho tu, litabidi liwe na upana wa robo ya milimita. Chembe moja ya mchanga italiziba siku ya kwanza. Simcha Blass, mhandisi wa maji wa Israel ambaye uvumbuzi wake ulianza kutengenezwa kiwandani katika kibbutz ya Hatzerim, jangwani Negev, katika miaka ya 1960, alilitatua tatizo hilo kwa wazo ambalo bado linanishangaza kwa unyenyekevu wake. Badala ya kuyabana maji kwa tundu dogo, aliyapitisha kwenye njia pana zaidi lakini ndefu, yachoke yenyewe kwa msuguano kabla hayajafika nje. Emita za leo zimeliendeleza wazo hilo. Ukiipasua moja kwa wembe utaona njia ya kujipindapinda yenye meno pande zote mbili kama msumeno. Maji yanagonga jino, yanageuka, yanajiviringisha kwenye kona, yanagonga jino la pili, na kila zamu ya kugeuka yanaacha sehemu ya nguvu yake. Yanaingia na mita 10 za presha na kutoka yakidondoka kwa uzito wao tu. Presha yote imetumika ndani ya njia fupi kuliko kidole.

Hapo ndipo ilipo siri ya usawa, na huelezwa mara chache mno. Msuguano huonekana kuwa adui wa maji, na katika bomba refu kweli ni adui, kwa maana humnyima wa mbali. Ndani ya emita msuguano huohuo umegeuzwa kuwa mlinzi wa haki. Kama kila emita inakula mita 10 za presha, halafu bomba zima kutoka mche wa kwanza hadi wa mwisho linakula mita moja tu, basi tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni ndogo, kwa sababu hasara kubwa ya makusudi imeifunika hasara ndogo isiyokusudiwa. Mbuni wa mfumo wa matone ni mtu anayechagua presha itumike wapi. Akiiachia itumike njiani, walio mwisho watalia. Akiibana itumike mlangoni kwa kila mche, wote watapata. Meno yale yana faida nyingine: yanayavuruga maji, na katika maji yaliyovurugika kiasi kinachotoka hufuata kipeuo cha pili cha presha, hakiifuati presha yenyewe sawia. Presha ikipungua kwa asilimia 20, maji hupungua kwa asilimia 10 na nusu hivi. Katika emita za zamani zenye mirija membamba, ambamo maji yalipita kwa utulivu, upungufu uleule wa presha ungeweza kumnyima mche karibu asilimia 20. Tena kwenye mpira mweusi unaolala juani maji hupata joto kadiri yanavyosogea, na emita ya mtiririko tulivu huongeza kasi maji yakipata joto. Yenye meno haibadiliki sana.

Sasa twende kwenye laini yenyewe, maana hapa ndipo wengi huharibu. Tuchukue mpira wa milimita 16, ambao upana wake wa ndani ni kama milimita 13.6, ukiwa na emita kila sentimita 30 na ukilazwa kwenye ardhi tambarare, presha ya wastani ikiwa mita 10. Kwa kanuni ya Hazen na Williams, ambayo mafundi wa mabomba wameitumia tangu mwanzoni mwa karne ya 20, laini ya mita 60 itapoteza karibu mita 0.9 za presha, na mche wa mwisho utapata pungufu ya wa kwanza kwa asilimia 4 hivi. Ukiifikisha mita 80, hasara inakuwa mita 2.1 na upungufu unakaribia asilimia 10, kiwango ambacho wabuni wengi hukichukua kama mpaka. Ukiifikisha mita 100, hasara inafika mita 4 na upungufu asilimia 17. Tazama jinsi hasara inavyokimbia mbele ya urefu. Ukiongeza urefu wa laini mara mbili, msuguano unaongezeka zaidi ya mara 7, kwa sababu umerefusha njia na papo hapo umeongeza idadi ya emita, hivyo maji yanayopita mwanzoni ni mengi zaidi na yanakwenda kwa kasi zaidi. Kipenyo kinafanya kinyume chake kwa ukali zaidi: bomba likipanuliwa mara mbili, huku maji yakiwa yaleyale, msuguano unashuka karibu mara 29. Mkulima anayeambiwa kwamba mita 20 za ziada si kitu hajaambiwa kwamba mita hizo ni za bei tofauti na zile za kwanza.

Jambo lingine katika laini hiyo linafaa kukaliwa kidogo. J. E. Christiansen, aliyechapisha utafiti wake kuhusu vinyunyizio kupitia Chuo Kikuu cha California mwaka 1942, alionyesha kwamba bomba linalotoa maji njiani halipotezi presha kama bomba linalofikisha maji yote mwisho. Likiwa na matundu mengi, hupoteza kama theluthi tu. Sababu ni kwamba kila tundu linalopitwa linaupunguza mzigo. Mwanzoni bomba linabeba maji ya wote, mwishoni linabeba ya mche mmoja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hasara hutokea mapema: laini ikifika nusu ya urefu wake imeshapoteza asilimia 86 ya presha yote itakayopoteza. Nusu ya pili ya laini ni karibu tulivu. Anayelijua hili hatapoteza fedha kwa kuweka mpira mpana mwishoni mwa laini, ambako hauhitajiki. Ataupanua mwanzo, au ataliingiza bomba la kugawia katikati ya shamba ili liwalishe wa kulia na wa kushoto, na laini moja ya mita 120 igeuke kuwa mbili za mita 60. Mipira ni ileile, tangi ni lilelile, na usawa umepatikana kwa kuhamisha mahali pa kuungia tu. Mimi naona uzuri mkubwa katika uamuzi wa namna hiyo, unaogharimu fikra kuliko fedha.

Mteremko nao, ambao mkulima wa milima ya Lushoto anauona kama mzigo, mbuni anaweza kuufanya mshirika. Kila mita moja ya kushuka inarudisha mita moja ya presha. Laini ya mita 80 inayoshuka kwa asilimia 2 inapata mita 1.6, na msuguano wake wa mita 2.1 unalipwa sehemu kubwa na mlima wenyewe. Ila mlima hulipa kwa kadiri moja njia nzima ilhali msuguano unadai mwanzoni, hivyo presha itashuka kwanza halafu itapanda tena kuelekea mwisho, na mche mwenye kiu kuliko wote huenda akawa yule wa katikati. Mteremko ukiwa mkali, laini hulazwa kufuata kontua na bomba la kugawia ndilo linaloshuka, likiwa na valvu ya kurekebisha presha kwenye kila ngazi. Kuipandisha laini mlimani ni kuwatoza walio mwisho mara mbili, kwanza kwa msuguano, kisha kwa kimo.

Watu wenye busara huuliza: kwa nini tusumbuke hivyo? Kama walio mwisho wanapata kidogo, si tuache maji yafunguke muda mrefu zaidi? Jibu linaonekana ukitega makopo. Weka makopo 16 chini ya emita 16 zilizochaguliwa toka mwanzo, katikati na mwisho wa shamba, fungua maji kwa saa moja, kisha pima. Tuseme wastani wa yote ni lita 1.6, na yale manne yenye maji kidogo yana wastani wa lita 1.2. Usawa wa shamba hilo ni asilimia 75. Ikiwa mnyanya unahitaji lita 2 kwa siku, itabidi ufungue maji kwa saa 1 na dakika 40 ili wale wanyonge wapate haki yao. Kwa muda huohuo mnyanya wa kawaida utapata lita 2.7, na ule ulio jirani na valvu, penye emita itoayo lita 2 kwa saa, utapata lita 3.3. Ziada hiyo inashuka chini ya mizizi. Kama mbolea inapitishwa ndani ya maji, na wengi siku hizi hupitisha mbolea humo, naitrojeni nayo inashuka pamoja nayo. Kwa hiyo mche mmoja umefurika na kuoshwa chakula chake ili mwenzake ashibe. Saa za ziada hazisawazishi kitu. Zinakuza kila tofauti iliyokuwapo, kisha zinamtumia mkulima bili ya dizeli au ya umeme.

Wengine husema udongo wenyewe si sawa, kona hii ni kichanga na ile ni mfinyanzi, basi usawa wa emita una maana gani? Tofauti za udongo mkulima anazijua. Anaweza kuligawa shamba kwa valvu mbili na kukipa kichanga maji mara nyingi kidogo kidogo. Tofauti zinazoletwa na bomba haziangalii udongo wala zao. Zinaangalia umbali tu kutoka kwenye tangi, na hakuna hoja ya kilimo inayoweza kuutetea umbali huo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wale wanaosema teknolojia imeshamaliza kazi hii. Zipo emita zinazosawazisha presha zenyewe: ndani yake kuna kiwambo laini cha silikoni kinachobonyea presha ikizidi na kuibana njia, hivyo maji yatokayo hubaki yaleyale hata presha ikipanda mara mbili au tatu. Nazikubali kwa moyo wote. Kwenye ardhi ya vilima na laini ndefu zimefanya yaliyokuwa hayawezekani. Lakini zina masharti. Kila moja inahitaji presha ya chini kabisa ndipo kiwambo kianze kufanya kazi, na chini ya hapo inarudi kuwa emita ya kawaida. Kwa hiyo bado kuna mtu anayepaswa kuhakikisha kwamba mche wa mwisho wa laini ya mwisho unaifikia presha hiyo, na hesabu ya bomba kuu, bomba la kugawia na pampu iko palepale. Kiwambo huchoka kwa miaka na kwa kemikali. Presha ya ziada inayobanwa pale ni nishati iliyoshalipiwa. Katika emita hizo ufundi haukuondoka shambani, sehemu yake ilifanywa mapema kiwandani na watu waliohesabu kwa niaba yetu.

Kuhusu kuziba nakiri kabisa. Mfumo uliohesabiwa kwa ustadi ukipewa maji machafu bila chujio utapoteza usawa wake wote ndani ya msimu, na hakuna kanuni ya mabomba itakayouokoa. Hata hivyo sikubali kwamba hayo ni mambo mawili. Njia pana ya meno ilichaguliwa kwa sababu inapunguza presha bila kuwa nyembamba, yaani ni ulinzi dhidi ya kuziba na ni hesabu ya presha kwa wakati mmoja. Chujio linalostahili, ambalo huzuia chembe hata zenye sehemu moja ya kumi ya upana wa njia ya emita, linakula presha, na hula zaidi kadiri linavyochafuka, hivyo lazima liwemo katika hesabu tangu mwanzo. Kufungua miisho ya laini ili tope litoke kunahitaji maji yaende kasi ya kutosha kulisukuma, kama mita 0.3 kwa sekunde, na kasi hiyo haipatikani ikiwa bomba la kugawia lilibanwa ili kuokoa shilingi. Hata kasoro za kiwandani zimo. Jack Keller na David Karmeli, katika miaka ya 1970, waliweka katika kanuni moja upungufu wa presha na tofauti ndogo ndogo kati ya emita zilizotoka mashine moja, na kanuni yao inasema jambo la kutia moyo: mti wenye emita nne hupata kiasi cha uhakika kuliko mti wenye emita moja, kwa sababu emita inayotoa kidogo husaidiwa na inayotoa kingi. Mkulima wa maembe au parachichi anaweza kuununua usawa kwa njia hiyo rahisi.

Imebaki ndoo. Nchini Kenya na kwingineko Afrika, kwa miaka mingi zimesambazwa seti ndogo za matone kwa bustani za mboga za nyumbani: ndoo ya lita 20 juu ya vigingi, kama mita moja kutoka chini, ikilisha laini mbili za mita 15. Watu husema kwa kifaa rahisi namna hii hesabu ni anasa. Kinyume chake ndicho kweli. Katika mfumo wa mita 10 za presha, asilimia 20 ni mita 2, na kijituta cha sentimita 20 kwenye laini hakibadilishi maji ya mche hata kwa asilimia 2. Katika ndoo iliyoinuliwa mita moja, asilimia 20 ni sentimita 20 zilezile. Kijituta cha kimo hicho kinamnyima mche sehemu ya kumi ya maji, na bustani inayoshuka sentimita 30 kutoka mwanzo hadi mwisho inawapa walio chini asilimia 14 zaidi ya walio juu. Mwenye pampu ana presha ya kutosha kufunika makosa yake. Mwenye ndoo hana, kwa hiyo laini zake lazima ziwe fupi, ndoo iinuke kadiri inavyowezekana, na tuta liwe sawa kabisa. Maji katika ndoo yanapopungua presha inashuka kwa wote pamoja, na hilo halimdhulumu mmoja kuliko mwingine. Tuta lililopinda ndilo linalodhulumu.

Na kulisawazisha tuta si jambo gumu, waashi wetu wanalifanya kila siku wanapoweka msingi. Unachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mrefu kuliko bustani, unaujaza maji na kutoa mapovu yote. Mtu mmoja anasimama mwanzo wa tuta na kigingi, mwingine mwisho na kigingi chake, kila mmoja ameshika ncha moja ya mpira. Wanasubiri maji yaache kuyumba. Kila mmoja anachora mstari kwenye kigingi pale maji yalipotulia, kisha wanapima kutoka mstari hadi udongo, huku na kule. Kama vipimo vimetofautiana, jembe linapita, udongo unahamishwa, na wanasimama tena na mpira wao kusubiri maji yatulie.